Rula ya Shule

Asubuhi, kabla ya chai, napanda juu ya barabara
na rula ya Ndahani, ile ya plastiki,
iliyokatikia kwenye ishirini na mbili.
Vigingi viwili nilivipigilia kabla ya kifuku,
kimoja upande wa mlima, kimoja upande wa bonde,
katikati yao ufa, mwembamba kama mpasuko wa kisigino.
Nachuchumaa. Napima. Naandika kwenye daftari la hesabu:
Jumatatu, nane na nusu.
Jumanne, nane na nusu.
Jumatano, mvua ya usiku, tisa kasoro.

Mlima hausemi zaidi ya hapo.

Kibakwe wananiita Mama Mitaro.
Si jina baya. Nimezibua makalavati kumi na tisa
kuanzia darajani hadi Kona ya Chungu,
nimevuta humo gunia la pumba, kandambili ya kushoto,
sufuria isiyo na kitako, kiroba cha mkaa
cha yule anayekata miti huko juu
kisha akateremka barabara hii hii kwenda kuuza.
Maji hayana ubaya. Maji ni mgeni:
ukimwonyesha mlango, anapita;
ukimfungia, anaingia kwa ukuta.

Mhandisi alikuja mara moja kutoka mjini.
Tuliomba vikapu vya waya arobaini, tujaze mawe.
Vilikuja vinne.
Tukavijaza vinne.
Kwingine tulipanda vetiva, mimi na Sechelela na wanawe,
nyasi ambayo mizizi yake
huenda chini kupita kina cha kaburi.
Na ufa nimeushindilia udongo wa mfinyanzi kwa nyayo zangu,
mvua isipate pa kunywea.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili:
kumi na mbili.
Nilipima tena. Nikageuza rula, nikapima tena.
Kumi na mbili.

Nikashuka mbio. Nikafunga kamba ya katani,
matawi ya miiba huku, miiba kule,
kanga yangu nyekundu katikati.
Wa kwanza kusimama alikuwa Chiwanga na Fuso la viazi.
"Mvua imekatika tangu alfajiri! Mlima huu uko palepale
tangu enzi za babu yangu!"
Nikamwambia, hata babu yako alikuwa palepale.

Walilala njiani siku mbili.
Viazi vilianza kutoa jasho.
Watu walinitukana kwa Kigogo, kwa Kihehe, kwa Kiswahili cha redio.
Mjamzito mmoja alikuwa akiwahi kliniki;
nilimvusha kwa miguu, kwa njia ya chini,
mkono wangu kwenye kiwiko chake,
macho yangu juu.

Mlima haukuanguka.

Jumapili jioni ufa ulikuwa umesimama, kumi na mbili na robo,
Jumatatu vilevile.
Nikafungua kamba.
Chiwanga akapita na honi ndefu, kichwa nje ya dirisha:
"Maporomoko yako yako wapi, mama?"

Ningemwonyesha nini?
Lisilotokea halipigwi picha.
Halina rambirambi, halina diwani wa kulihutubia.
Laiti ningekuwa nalo, lile la mwaka ule,
kalavati lilipoziba na hakuna aliyeinama.
Tulichimba siku tatu, kwa majembe, kwa sahani, kwa kucha.
Rula ilitoka kwanza.

Leo nimefyeka mtaro wa juu. Vetiva imeshika.
Kikapu cha tatu kimetoa tumbo kidogo; nitakitazama kesho.
Ukungu bado uko kwenye kona,
na basi la Wotta linanguruma kwa gia ya kwanza.
Limepita karibu yangu, ningeweza kugusa vioo:
abiria wamelala, midomo wazi,
kitoto kimoja kimelalia begi la shule.

Naandika: kumi na mbili na robo.
Pembeni, mahali pa maelezo:
wamepita wamelala.